Maziwa ya Mama Kwenye Keria

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyopita mbele ya wazee wa kwetu nikiwa na baiskeli, maziwa ya mama yangu yamefungwa nyuma kwenye keria, na jua limetoka kila mwenye macho akaniona. Nitaifikia. Najua una haraka na pikipiki yako iko nje, lakini sisi wazee tukianza kusimulia hatukati kona. Kaa kidogo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado ndiye mkubwa wa nchi. Sisi Waorma tulikuwa tumekaa na ng'ombe wetu upande wa Minjila. Baba alikwisha kufariki, akatuacha mama, mimi na dada zangu wadogo, pamoja na ng'ombe wachache. Kila asubuhi mama alitia maziwa kwenye vibuyu alivyovifukiza moshi, akavibeba mgongoni na kwenda navyo kwa miguu mpaka Garsen. Huko alikuwako Bi Zuhura, Mswahili wa Kipini, mwenye mkahawa wa chai karibu na kivuko. Mama alimpa maziwa, akarudi na unga na sukari. Hivyo ndivyo tulivyoishi, bila kumpigia mtu magoti.

Siku moja fahali akamkanyaga mama mguu. Ukavimba. Nyumbani aliweza kujikongoja, ila Garsen ikawa mbali naye. Hapo ndipo Ami Godana, ndugu yake baba, alipokuja na sauti laini kama samli.

"Shemeji, usijisumbue," akamwambia. "Nipe ng'ombe niwachanganye na wangu. Mimi nitakulisha wewe na wanao."

Maneno mazuri, sivyo? Lakini ng'ombe wa mjane wakishaingia boma la mwenziwe, kutoka kwao ni kazi. Wanazaa humo, na ndama hana shahidi. Mama alilijua hilo. Akamjibu, "Nikila kwako, Godana, nitaomba ruhusa hata ya kukohoa." Ami akaondoka akicheka. Alijua kwamba maziwa yasipofika Garsen, njaa itamsemea.

Sasa mimi nilikuwa na baiskeli. Nilimtoa fahali aliyeniachia baba nikaipata hiyo, nyeusi, nzito, ina kengele ya kung'aa. Watu walinicheka mpaka wakachoka. Walisema nimebadilisha dume na chuma kisichozaa. Nikawaacha, maana kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nikamwambia mama, "Nitayapeleka mimi."

Hapo ndipo penye neno lenyewe. Kwetu siku zile mwanamume alichunga, alitoa maji kisimani, alilala na mkuki mbugani. Lakini kupeleka maziwa sokoni ilikuwa kazi ya wanawake tu. Kijana akionekana amebeba vibuyu, wasichana walimtungia wimbo, na wanaume wenzake hawakumpa nafasi barazani. Nami nilikuwa katika umri wa kutafuta mchumba. Unanielewa.

Kwenda Garsen kulikuwa na njia mbili. Ya juu ilifuata mgongo wa mchanga mgumu, ambao zamani ulikuwa ukingo wa mto. Njia ile nzuri, mwanangu! Inapanda kidogo, inashuka kidogo, unapumzisha miguu kwenye mteremko na ule mteremko unakupandisha mwinuko unaofuata. Kulia unaona mbuga imelala kijani mpaka macho yachoke, kushoto mikoma, na upepo wa mto unakupiga kifuani. Nimeendesha baiskeli mpaka Wenje, nikashuka mpaka Kilelengwani, sijaona njia iliyonipa raha kama ile. Ila ilipita palepale wazee walipokuwa wakikaa kila asubuhi kutazama ng'ombe wakitoka.

Njia ya chini ilipita mbugani, ndani ya vichaka, huonekani na mtu. Mafuriko yakikauka, ule udongo mweusi hupasuka, na nyayo za ng'ombe hukauka zikawa ngumu kama mawe.

Nadhani umeshajua nilishika ipi. Nilivifunika vibuyu kwa ngozi, yeyote nitakayekutana naye adhani nimebeba ngozi, nikaingia vichakani. Miiba ikatoboa tairi. Nikatia kiraka, nikapiga pampu, nikaendelea, tako langu likiruka kwenye kiti na vibuyu vikiruka nyuma yangu. Nilifika Garsen jua limekuwa kali, siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo hivyo. Bi Zuhura akafungua kibuyu, akachungulia, akanitazama.

"Mwanangu, haya si maziwa, ni siagi," alisema kwa lafudhi yake ya Kipini. "Ndia gani hiyo upitayo? Wateja wangu wataka chai. Jana niliyatia kwenye birika yakakatika, watu wakamwaga. Nampenda mamako, lakini ukileta tena haya nitatafuta wa kuniletea mengine."

Nilirudi na unga nusu ya ule wa kawaida. Mama hakuuliza mengi. Alishika tairi, akachomoa mwiba uliobaki, akauona ni wa vichaka vya mbugani.

"Mbona hupiti juu?"

"Wazee wako pale," nikasema.

Mwanangu, mama yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Siku ile aliipaza.

"Kumbe unaona aibu kuyabeba! Mbona kuyanywa huoni aibu? Umekua kwa maziwa haya, hiyo mifupa unayokanyagia chuma chako ni maziwa haya, leo unayafunika ngozi kama umeyaiba? Mimi sikuiba. Ikiwa ni kosa kuyapeleka, basi acha, nimwite Godana kesho achukue ng'ombe. Na ikiwa si kosa, pita wanapopita watu!"

Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha mpaka nikakaribia kumpeleka mama yangu mwenyewe kwenye boma la shemeji yake.

Asubuhi yake niliziacha ngozi nyumbani. Nilifunga vibuyu juu ya keria, vimesimama wima, nikapanda ule mgongo wa mchanga. Maziwa yalitulia hata sikuyasikia. Nikawaona wazee kwa mbali, nao wakaniona. Nilipowakaribia nikashuka, maana mdogo hawapiti wakubwa akiwa amekaa juu. Nikawaamkia mmoja mmoja. Wengine waliitikia, wengine walitazama vibuyu.

Ami Godana akainuka. Akachukua fimbo yake akailaza katikati ya njia, akarudi akakaa.

Ninyi wa leo hamlijui hilo. Kwetu fimbo ya mzee ikilazwa njiani, hairukwi wala haizungukwi. Kuiruka ni kumtukana yeye na baba yake, na baba yake ni babu yangu. Nigeuke nyuma, basi Bi Zuhura atafute mwingine na ng'ombe wa mama waende. Niiruke, basi sina ukoo. Jua lilikuwa linapanda, na maziwa hayajui kungoja.

Nilikuwa na hasira hata masikio yakavuma. Nikalaza baiskeli chini taratibu, nikafungua kibuyu kimoja, nikamimina maziwa kwenye kifuniko chake, nacho ndicho kikombe. Nikapiga goti upande wangu wa ile fimbo, nikamnyooshea Ami kwa mikono miwili.

"Kunywa, Ami."

"Nani amekuomba maziwa?"

"Hukuomba. Lakini njia imefungwa, na haya yasipofika yataharibika. Huu ni unga wa mjane wa ndugu yako na sukari ya watoto wake. Bora mle nyinyi wenyewe kuliko kumwaga. Anza wewe, halafu nitawamiminia wazee wote mpaka vibuyu vikauke."

Kwetu maziwa ukipewa hukatai, kukataa ni kuilaani nyumba ya aliyekupa. Na nani angekunywa chakula cha mjane mbele ya watu wote? Ami alikitazama kikombe, hakukishika, hakukisukuma. Mikono yangu ilianza kutetemeka. Sikuishusha. Niliapa moyoni kwamba ikibidi nitapiga goti pale mpaka jioni, na yeye akae pale na aibu yake mpaka jioni. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Mwisho akasema Mzee Hiribae, mkubwa wao wote, ambaye akisema mazungumzo yamekwisha.

"Godana, unywe, ama uokote fimbo yako."

Ami akainama akaiokota. Sijamwona mtu akiinama polepole vile.

"Na wewe kijana," Mzee Hiribae akaniambia, "ulimi wako ni mrefu. Haya, nenda, maziwa yasichachuke."

Nikayarudisha maziwa kibuyuni, nikapanda baiskeli. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna mtu wala mbuzi mbele yangu, lakini nilipiga kengele. Niliipiga mpaka nikashuka mteremko wa mwisho.

Usidhani baada ya hapo nilibebwa juu juu. Wasichana walinitungia wimbo kweli, nami nikaujifunza, nikawa nauimba mwenyewe nikikanyaga pedeli. Ami Godana hakuja harusini kwangu. Katika mashauri ya mifugo niliitwa wa mwisho kwa miaka mingi. Lakini mama yangu alikufa akiwa na ng'ombe wake, wenye majina aliyowapa yeye, na hakuna aliyewahi kumhesabia tonge. Watu wameniuliza kama najuta kumpigia goti ami yangu namna ile. Sijuti. Ningepewa ujana tena ningepiga goti palepale, tena ningepeleka kikombe karibu zaidi na mdomo wake.

Basi sikia, mwanangu. Kazi halali inayolisha nyumba yenu usiifunike ngozi. Watu wakisema ni ya wanawake, au ya maskini, au ya kabila fulani, waulize kwa heshima nani atawalisha ndugu zako utakapoiacha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wengi wanaocheka hawajalala njaa kwenu. Mkubwa wako mpe salamu yake yote, shuka, inama, usiiruke fimbo yake. Lakini ukiwa na haki usigeuze baiskeli. Kaa pale, mwangalie usoni, na umwache achague yeye mbele ya watu. Ukijificha umeshamsaidia kukushinda.

Mungu akupe mkono unaotoa bila kutetemeka, na ukitetemeka usishuke. Akupe riziki unayoweza kuitaja kwa sauti. Akulindie mamako, na asije akala kwa kuomba ruhusa nyumbani kwa mtu, maadamu wewe uko hai. Amina. Sasa nenda.