Mwalimu Aliyeishuku Mashine Kwanza

Nilikuwa mnadani Katesh nikibishana bei ya mbuzi simu ilipoita, nikaambiwa mwalimu yule mstaafu, mama ambaye wilaya nzima ilimwita Mwalimu tu, amefariki. Muuzaji wangu alisikia. "Yule wa laptop?" akauliza. Wengi hapa walimjua hivyo, na wasomaji wa mbali wanastahili kujua sababu.

Mwalimu ndiye aliyerekodi kikao cha wakulima na wafugaji kuhusu njia ya ng'ombe kwenda majini. Pande zote zilimchagua kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa mwepesi wa kumwamini mtu. Walikubaliana ng'ombe wapite, ila baada ya mavuno tu. Msimu uliofuata mkulima mmoja aliilima njia ile, akakana kwamba kuna makubaliano. Tukakusanyika katika ukumbi wa kanisa kusikiliza rekodi. Mwalimu alifungua laptop yake inayotumia mfumo wa Linux, akabonyeza. Mistari ya sauti ilicheza kwenye kioo, lakini hatukusikia kitu. Akaongeza sauti. Kimya. Wafugaji wakanong'onezana kwa lugha yao, na fimbo zilizolazwa sakafuni zikaanza kuokotwa. Mmoja wao akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nani amekutuma ufute maneno yetu?"

"Kunishuku ni haki yako," alisema. "Basi njoo ukae hapa, unishuku kwa karibu." Akafungua mipangilio ya sauti. "Soma. Sauti inatoka wapi?"

Mfugaji akasoma polepole: "HDMI."

Huo, Mwalimu alieleza, ni waya wa televisheni. Jumapili laptop ilikuwa imeunganishwa na televisheni ya kanisa. Waya ulishachomolewa, lakini mashine iliendelea kupeleka sauti kule kule. "Chagua spika." Akachagua, na sauti ya mkulima mwenyewe ikajaa ukumbini: "Tukishavuna, wapite."

Mkulima hakukubali. "Umeitengeneza hiyo sauti. Zima, uwashe upya." Mwalimu akazima, akawasha, kimya tena. "Mnaona?" akasema mkulima, na safari hii hata mimi nilimtazama Mwalimu kwa jicho la pembeni. Yeye akasema mashine imerudia chaguo lake la zamani, akaiandikia amri kwamba spika ndizo ziwe chaguo la kudumu, kisha akaizima mara nyingine. Ilipowaka, maneno yakatoka yale yale. Mkulima aliyang'oa mahindi yake kwa mikono yake, amenuna, na njia ikafunguka. Tangu siku hiyo hakumsalimia Mwalimu.

Siku hizi ahadi zetu tunazihifadhi kwenye simu na kompyuta, na kila zinapokwama tunatafuta mtu wa kumlaumu. Sisemi tuziamini mashine. Mimi siziamini, wala siwaamini wote wanaozishika. Lakini mwenye shaka ana wajibu wa kukagua. Asiyekagua hana shaka huyo; anasingizia tu.