Swali la Mwisho la Mzee Zunguka

Mwalimu wa udereva alilipakia gari mara tatu asubuhi ile, na mara tatu akalipakua. Mkewe alidhani ni ule ukorofi wake wa kutaka kila kitu kikae kwa mstari. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kibarazani tangu jua halijachomoza na vikapu vyake viwili, alidhani anasemwa kimyakimya kwa wingi wa mizigo. Wote walikosea. Mtu yule alikuwa anaogopa, tena anaogopa vibaya, kwa sababu buti likishafungwa itambidi akae kwenye usukani.

Mtaani walimwita Mzee Zunguka. Kwa miaka kumi na tisa hakumruhusu mwanafunzi kugusa ufunguo kabla hajalizunguka gari akitaja kwa sauti kila anachokiona, na kukigusa kwa mkono: tairi, taa, vioo, maji, mafuta. Anayesema "sawa" bila kugusa anarudi mwanzo. Na la mwisho, mwanafunzi akishakaa kwenye kiti, aliulizwa habari za mwili wake mwenyewe: dereva mzima? Usipojibu kwa kinywa chako, gari haliwashwi. Watu walimcheka, lakini watoto wao waliwapeleka kwake.

Sasa, mganga hajigangi. Kwa miezi mitatu mguu wake wa kulia ulikuwa unakufa ganzi, kwanza vidole, kisha unyayo wote. Alijiambia ni viatu, akabadilisha viatu. Alijiambia ni kukaa sana, akaanza kutembea. Juzi alivua soksi akaikuta imelowa damu, msumari umepenya soli hadi nyamani, na ametembea nao tangu saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Akauchomoa, akaifua ile soksi mwenyewe bafuni, akaianika, akanyamaza.

Hilo angelimeza. Lililomkaba koo ni la jana. Gari la kufundishia lina pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu. Walipofika njia panda, mwanafunzi wake, muuzaji wa duka la dawa mwenye haraka zake, akajitosa mbele ya lori. Mwalimu alikanyaga kwa nguvu zote alizojaliwa. Gari halikupunguza mwendo hata chembe. Alipotazama chini, aliuona mguu wake umekanyaga kapeti, kando kabisa ya pedali, na yeye hana habari. Mwanafunzi ndiye aliyefunga breki. Tena, maskini, akaomba radhi mpaka mwisho wa somo, akidhani mwalimu amemwachia makusudi ili ajifunze. Mwalimu aliitikia tu.

Na leo abebe kila alichonacho duniani: mke, binti wa miaka tisa, kitinda mimba anayenyonya kidole, na mama mkwe, saa sita za barabara kuu yenye malori na miteremko, hadi nyumba ya ziwani waliyoingoja mwaka mzima. Kusema alishindwa. Mwalimu wa udereva asiyeuhisi mguu wake ni mwalimu wa nini? Mkewe leseni alikuwa nayo, yeye mwenyewe alimfundisha, lakini mama wa watu hajawahi kuvuka soko na gari. Basi akawa anapakia. Dumu la maji chini, masanduku yamelala, mablanketi juu. Halafu anasingizia kwamba dumu linavuja, na halivuji, anatoa vyote upya. Kwa adabu zote za mkwe alimwuliza mama mkwe kikapu cha pili kina nini, ajue kama kinaweza kulaliwa. Akajibiwa kwamba kina vitu.

"Baba watoto," mkewe alimtania akiwa mlangoni, "ziwa litakauka tusipofika leo." Alicheka kwa meno tu.

Mara ya nne visingizio vilimwishia. Buti likafungwa, watu wakaingia, wakafunga mikanda. Binti ndiye aliyebaki nje, na daftari lake. Walimwita Karani kwa kupenda kwake kuandika orodha, na safari hii alikuwa ameandika ukaguzi wote wa baba yake, neno kwa neno. Wakazunguka pamoja. Mwalimu aligusa tairi, aligusa vioo. Kwenye taa ya nyuma alisema "sawa" mikono ikiwa mfukoni. Karani akamrudisha mwanzo. Alirudi bila kunung'unika, maana kila hatua ilikuwa dakika moja ya nafuu.

Akakaa. Akauweka mguu wa kulia juu ya breki, akausikilizia. Hakuna kitu. Ungekuwa mguu wa jirani ingekuwa sawasawa. Alijipiga moyo konde: ni neno moja tu, wangapi hulisema kila siku wakiwa na homa, na wanafika. Kwenye kioo alimwona mama mkwe akimfuta kitinda mimba pua. Karani aliegemea dirishani, kalamu tayari.

"Dereva mzima?"

Neno lilifika ulimini likakataa kutoka.

"Andika hapana," alisema.

Karani alicheka, akamtazama usoni, akaacha. Mwalimu akaanza kusimulia huku macho yamekwama kwenye usukani: ganzi, msumari, lori, kapeti. Alipomaliza, mkewe alisema kwamba alijua kuna jambo tangu alipoiona soksi moja kwenye kamba, kwani mume wake hajafua soksi tangu amwoe. Alidhani ni jambo la mwanamke wa nje. Alikuwa anangoja wafike ziwani amhoji.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. "Mwanangu," alimwambia mkwewe, "shuka umpishe mkeo."

Wakabadilishana viti. Ziwa lingengoja, hospitali kwanza, na hospitali iko ng'ambo ya soko. Karani hakumwonea mtu huruma. Alimzungusha mama yake gari zima, akamwuliza swali la mwisho, na mama akajibu kwamba ni mzima, ila anaogopa. Karani akaandika yote mawili.

Walilivuka soko polepole. Kwenye njia panda lori likachomoza upande wa kulia, na mwalimu, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, akakanyaga breki ambayo kwenye gari la nyumbani, upande wake, haikuwepo. Mkewe alipunguza mwendo taratibu, akasimama, kama alivyofundishwa. Lori likapita.

"Bado umekanyaga?" alimwuliza, macho yake yakiwa barabarani.

Ikabidi ainame atazame.