Magome Yasiyotajwa Jina

Elizabeti wa Gare, kule milimani, alikuwa mkali kama pilipili kichaa, na dawa zake hivyo hivyo. Miaka thelathini watu walipanda kwake na homa na matumbo yao, wakashuka wamepona, au angalau wameacha kulalamika. Sharti alilirithi kwa mama yake: dawa haitajwi jina mbele ya asiyeirithi. Ukiitaja, inakufia mkononi.

Mdogo wake, Alphonce, alipoanza dripu za saratani ya koo, Elizabeti hakushindana na hospitali. Alimchemshia tangawizi ya kutuliza kichefuchefu, na magome fulani ya kurudisha damu, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Alphonce alikunywa bila kuuliza. Tangu utotoni alikula chochote alichopewa na dada yake.

Siku ya dripu ya tatu, daktari Athumani alisoma majibu ya damu, akaiweka karatasi chini.

"Ini limechoka sana. Leo sitoi dripu. Mzee, kuna kitu unakunywa nyumbani?"

"Hakuna, daktari," alisema Alphonce, macho sakafuni.

"Nisipojua sababu, hata wiki ijayo sitathubutu."

Elizabeti alikuwa amekaa kando ya mdogo wake, kikapu mapajani, chupa ya magome ndani. Aliogopa. Uvimbe haungoji mtu. Tayari hata uji ulikuwa unapita kwa taabu. Lakini akilitaja jina, urithi wa mama yake umekwisha, na wale wanaomngoja Gare atawapa nini?

Alphonce akamkanyaga mguu chini ya meza, kumwambia anyamaze. Yaani huyu mtu yuko radhi afe, mradi dada yake asiaibike. Hapo hasira zikampanda Elizabeti, zikaishinda hofu. Akaitoa chupa, akaitua mezani. Akautaja mti kwa Kishambaa, kisha kwa Kiswahili, na muda wa kuchemsha, na vikombe, na tangawizi pia. Jina lenyewe sitalisema hapa. Lilikuwa lake kulitoa, si langu.

Daktari aliandika yote. "Sina hakika kama ndiyo yenyewe, mama. Tangawizi kidogo si neno. Hii aiache kabisa, tupime tena baada ya wiki mbili."

Nje, Alphonce alikuwa analia. "Dada, umeiua dawa ya mama."

Elizabeti alimfunga skafu shingoni, taratibu, pale palipovimba.

"Imekufa," alisema. "Wewe tembea, tusikose gari."