Milimita Nne za Shemeji

Kwa miaka kumi na tisa fundi huyu hakuwahi kurudishiwa gari kwa sababu ya kimo chake kutoka ardhini. Wenzake gereji walimwita Futi, kwa kuwa futi ya chuma haikumtoka mfukoni. Hata siku ya harusi yake ilimchoma bi harusi ubavuni walipokuwa wanapigwa picha. Kazi yake ilikuwa magari ya michezo, yale yaliyoshushwa mpaka tumbo linakaribia kulamba lami, na alikuwa na ubishi mmoja ambao hakuna aliyemtoa: gari halipimwi tupu. Mwenyewe akae kwenye kiti chake, mikono kwenye usukani, ndipo springi zikazwe au zilegezwe hadi kulia na kushoto pawe sawa.

Sasa fikiria alivyoshtuka asubuhi ile. Gari jekundu la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, lilikuwa limeletwa kukaguliwa tu. Shemeji akakaa ndani, Futi akapiga magoti, akapima juu ya tairi la kushoto, akazunguka akapima la kulia. Upande wa dereva ulikuwa umenyanyuka milimita nne.

"Haiwezekani!"

"Umezeeka, shemeji," mume wa dada akamtania. "Nunua miwani."

"Nyamaza wewe. Na hilo koti la nini na joto lote hili? Unaatamia mayai?"

Wakacheka, lakini Futi alikuwa anacheka meno tu. Milimita nne! Mtu mwingine asingeziona; yeye zilimkaa kooni kama mwiba. Akapima upepo wa matairi: sawa. Tangi lilikuwa limejaa, kama mara ya mwisho. Akaingiza kichwa chini ya madigadi kutazama nati za springi, ambazo alizitia alama kwa rangi ya kucha ya mkewe. Alama zilikuwa palepale.

"Hebu shuka kidogo."

Akapima gari likiwa tupu, kisha akafungua daftari lake la miezi minane iliyopita. Namba zilezile. Akarudia. Zilezile! Akakaa kwenye sakafu yenye mafuta na suruali yake safi. Kilichobadilika kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimesimama mbele yake kimevaa koti.

"Rudi ukae," akasema.

Gereji ilikuwa na mifuko ya mchanga ya kilo tano tano, ya kukalisha kitini mwenye gari asipokuwepo. Akampakatisha shemeji mfuko mmoja, akapima. Akaongeza wa pili. Shemeji akauliza kama amegeuzwa ghala. Akaweka wa tatu. Ulipokaa wa nne, kulia na kushoto pakawa sawa kabisa.

Kilo ishirini. Kila Jumapili wanakula meza moja, na Futi anayejisifu kuona unene wa unywele hakuziona! Aliogopa, akaona aibu, halafu akakasirika.

"Tangu lini?"

Shemeji alitazama usukani. "Miezi mitano. Chakula hakipiti vizuri."

"Hospitali umekwenda?"

"Nitakwenda."

"Dada anajua?"

"Anajua nafanya mazoezi, nakimbia kila asubuhi. Nafika pale kona, nakaa kwenye ngazi za duka, narudi." Akajilazimisha kutabasamu. "Shusha huo upande, shemeji. Uweke kwa uzito wangu wa sasa, yaishe."

Futi alichukua spana, akaitazama, akaitupa sandukuni kwa kishindo.

"Sishushi! Kimo hiki nilimpimia mtu mzima, na nataka arudi akae humu."

Akatoa simu, akampigia dada yake, akafungua spika na kumkabidhi shemeji.

"Haloo? Bado mko gereji tu?" dada aliuliza. "Gari limekuwaje?"

Shemeji aliitazama mifuko minne mapajani mwake.

"Gari ni zima, mke wangu," akasema. "Asiye mzima ni mimi."