Mikorosho Yake, Ardhi ya Wajomba

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sikukaa mahali zaidi ya misimu miwili. Nilibeba magunia Tandahimba, nikafagia karakana Ndanda, nikauza maji Newala. Biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa korosho wakaja na malori yao, Masasi ilianza kuvimba. Kila aliyepata alitaka nyumba ya bati karibu na barabara. Wakaletwa wapimaji wa viwanja, nami nikapata kibarua cha kuvuta mnyororo wa kupimia.

Nilikuwa na maswali mengi, na mpimaji niliyefuatana naye hakunichoka. Alinikunjulia ramani juu ya boneti ya gari: shule hapa, soko pale, bomba kila mtaa. "Maskini na tajiri watachota pamoja," alisema. Nilimwamini kabisa.

Tukafika kwa bibi mmoja mjane, Mmakua, akipepeta mtama uani. Mpimaji hakuwa mtu wa kusini, na Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kuokoteza. Mimi Kimakua nilikuwa nimekiokota vibaruani, nikawa mkalimani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na mnyororo huo, mmekuja kumfunga nani?"

Tulicheka. Akauliza kama bomba litafika karibu, maana kiuno kilikuwa kimechoka na ndoo. Nikamwonyesha kigingi cha mahali pa bomba, hatua chache tu kutoka mlangoni pake.

Mpimaji akafungua fomu. "Muulize, ardhi hii ni ya nani?"

Bibi alinitazama kama nimemuuliza jambo la aibu. "Ya wajomba zangu. Yangu mimi ni mikorosho. Niliipanda mwenyewe."

Hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyojibu. Mti ni wa aliyeupanda. Ardhi ni ya ukoo wa mama, na wasemaji wake ni wajomba. Kujitaja mwenyewe mbele ya wageni ni kuwakana. Wajomba wale walikuwa wamekufa wote, amebaki yeye tu, na makaburi yao yapo nyuma ya nyumba. Nilijua. Nilijua pia fomu ilivyo, maana nilishaisikia ikisomwa kwenye nyumba nyingi: mwenye ardhi atapewa kiwanja, mwenye miti atalipwa miti yake aondoke.

Nikatafsiri neno kwa neno, nikajiona hodari.

"Kwa hiyo ardhi si yake," mpimaji akasema, akaandika. Nikamshika bibi kidole gumba, nikakichovya kwenye wino, nikakibandika kwenye fomu.

Kiwanja alipewa mnunuzi wa korosho. Bibi alihamia ng'ambo ya korongo, ambako ramani haikufika. Kabla ya kuondoka alinifuata kambini.

"Mjukuu wangu, uliwaambia nini?"

"Ulichosema wewe, bibi."

"Basi ulisema kweli," akasema, akaenda zake.

Bomba lilijengwa palepale kwenye kigingi. Mnunuzi alipojenga ukuta, akalizungushia ndani. Hakuna aliyemzuia. Siku yangu ya mwisho Masasi, nikipita na mfuko wangu kwenda kutafuta gari la Newala, nilimkuta bibi nje ya geti na ndoo tupu. Mikorosho ilikuwa imeshakatwa. Sikumwamkia, nilivuka upande wa pili wa barabara. Nyuma yangu nikamsikia akipiga hodi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa sauti ya adabu ileile.