Mdogo Wangu Hataji Tena Majina

Mdogo wangu ni mtu wa redio. Mimi sikusoma, nilibaki nyumbani nikichota maji ili yeye asome. Zamani akiripoti wizi alimtaja mwizi kwa jina na cheo, mpaka mtaa ukambandika jina la Mdomo.

Mwaka jana alivamiwa na watu asiowajua, wakamvunja taya. Tangu hapo haupi mlango mgongo. Habari zake husomwa na binti mmoja wa pale redioni. Na akikuhoji, ukikaribia kutaja mtu, anafunika kinasa sauti kwa kiganja.

Ndivyo alivyonifanyia na mimi. Mwenyekiti wa soko alininyang'anya meza yangu ya nyanya, akampa mke wake mdogo.

"Mtaje," nilimwambia, "labda ataona haya anirudishie."

"Dada, niachie niliseme kwa namna yangu."

Siku ya kipindi niliita majirani, nikaweka redio dirishani. Yule binti akasoma: "Mama mmoja katika soko moja analalamikia uongozi." Basi. Likafuata tangazo la sabuni.

"Mama mmoja wa soko moja!" shoga yangu akapiga makofi kwa kicheko. "Mwenzangu, kumbe hata kwenu hujulikani!"

Nikazima redio, nikaingia jikoni nikijifanya natafuta chumvi.

Jioni mdogo wangu akaja. Nilimwuliza kama nilimsomesha ili aje kuninyamazisha. Akanionyesha kwenye simu picha ya mwanawe akitoka shuleni, imetumwa na namba ngeni.

"Imeingia jana, dada."

Hasira yote iliniisha. Lakini majirani walikuwa bado barazani, na sikutaka waanze upya. Nikamwambia atokee mlango wa uani. Akainama chini ya kamba ya nguo, mtu mzima na ndevu zake, akapita kama mwizi wa kuku.

Asubuhi nikatandaza nyanya chini, nje ya lango la soko. Mwenyekiti akaja na mkewe, akasimama mbele ya mafungu yangu.

"Shikamoo, dada. Jana tumekusikia redioni. Yule mdogo wako hajambo? Na mtoto?"

Wenzangu wote walikuwa wananitazama mdomoni. Jina lake nilikuwa nalo pale pale kwenye ulimi.

"Marahaba," nikasema. "Hawajambo."

Kisha nikainama, nikamchagulia mkewe zile ngumu ngumu, zisizo na doa.