Mkunjo wa Nne

Zamani, kabla kioo cha kompyuta hakijaingia ukumbini mwa chuo cha udaktari, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakushika kisu mpaka ainame. Aliinamia meza, akamtaja Mwalimu wake kwa jina lake kamili, ndipo akaruhusiwa kugusa ngozi. Huko kusini mwa Taiwan, mtu aliyeutoa mwili wake ili vijana wasomee udaktari hakuitwa maiti. Aliitwa Mwalimu Kimya, na Fundi Tsai Huo-wang, aliyezitunza meza hizo miaka thelathini na minane, alimtoa nje yeyote aliyetamka vinginevyo.

Fundi Tsai hakuwa na cheti. Shule aliiachia darasa la sita, akaja chuoni kusugua sakafu. Mwili wa binadamu alijifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya maprofesa, kisha kwa kamusi, kisha kwa vidole vyake mwenyewe. Ikafika mahali somo la ngozi, mifupa na misuli maprofesa wakamwachia yeye. Aliwafunga vijana macho kwa taulo, akawatia kiganjani vijifupa vya kifundo cha mkono, kimoja kimoja, na asiyejua cha kulia na cha kushoto hakwenda kula.

"Fundi, njaa inatuua!"

"Mezani pana nafasi. Rudia."

Walicheka, wakarudia, wakajua. Wale ndio waliokuwa madaktari. Wa siku hizi wanajua kutelezesha kidole.

Kila mwaka, kwa kila Mwalimu, Fundi alichora mkono katika daftari lake: kwanza ngozi, halafu mafuta, halafu misuli, mpaka mfupani. Alichora alichokiona, hata kama vitabu vilisema kingine, chini akaandika jina la mwenye mkono, na nyuma ya karatasi yale yaliyokuwa ya mkono huo peke yake.

Ndipo akaja Daktari Lian Shih-kai kuwa mkuu wa idara, na shahada ya ng'ambo na viatu visivyotoa sauti. Aliliomba daftari. "Siku mbili tu, Fundi." Lilirudi baada ya miezi mitano. Mwaka uliofuata kitabu kilitoka, kina rangi na jina la Lian peke yake, na pamoja nacho kikaja kioo kikubwa kama mlango, ambamo mkono wa binadamu ulizunguka ukiguswa. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu kulikuwa na shukrani: kwa mke, kwa maprofesa, na "kwa mfagizi wa ukumbi."

Fundi aliusoma mstari huo akiwa amesimama. Kisha akarudi nyuma kuitazama michoro, na alipoufikia mkono wa kushoto alianza kucheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe.

Kwani mkono ule ulikuwa wa Bibi Kuo A-mien, muuza tambi wa sokoni, aliyekuwa Mwalimu miaka kumi na moja nyuma. Na mkono wa Bibi Kuo haukuwa kama wa watu. Kuna msuli mwembamba kati ya kiwiko na kiganja: kwa watu walio nao, nyama yake huwa juu na kano hushuka chini. Kwake ulikuwa umegeuka, kano juu, nyama chini. Tena juu ya kifundo, upana wa vidole vinne, alikuwa na kovu jembamba lililopinda kama mwezi mchanga. Lian, ambaye hakuwahi kuinama juu ya meza ile wala kupindua karatasi ile, aliunakili msuli uliogeuka akadhani ni wa kila mtu. Kovu nalo akalipa jina. Akaliita mkunjo wa nne wa ngozi, mbali na ile mitatu ya kwenye kifundo.

Fundi alikifunga kitabu. Aliyeanguka kutoka mpopoo mfupi hujipangusa akaenda zake; alimwacha Lian apande juu zaidi kwanza.

Alingoja miaka mitatu. Katika miaka hiyo meza kumi na mbili zilipunguzwa zikabaki nne, kisha moja. Kigoda chake kilihamishiwa stoo. Akufukuzaye hakwambii toka. Na vijana wakawa wanamjia wamekunja mikono ya mashati.

"Fundi, mimi sina mkunjo wa nne. Ni ugonjwa?"

"Muulize mkuu."

Mkuu alijibu kwamba kwa baadhi ya watu haukolei. Kwenye mtihani, asiyeutaja alikatwa alama.

Mwaka wa nne ikatangazwa kwamba meza ya mwisho itafungwa, na kwamba siku ya kila mwaka ya kuwakumbuka Walimu itakuwa pia siku ya kukisherehekea kioo. Fundi alikwenda sokoni, kwenye kibanda cha Su-hui, binti wa Bibi Kuo, ambaye kila mwaka alileta bakuli la tambi kwenye madhabahu ya chuo kwa ajili ya mama yake.

"Dada Su-hui, safari hii ukae mbele."

"Mbele ni kwa wakubwa, Kaka Huo-wang. Mimi nanuka vitunguu."

"Nuka hukohuko mbele. Na uje na miwani."

Siku ilipofika, mkuu wa chuo alikuwepo, familia zilikuwepo, watawa wakamaliza kusoma sala. Lian akakigusa kioo. Mkono ukajitokeza, mkubwa, unang'aa.

"Huu," alisema, "ni mkono wa kila mmoja wetu."

Su-hui alivaa miwani. Akasimama, bakuli mkononi.

"Huo ni mkono wa mama."

Watu wakacheka kwa upole. Lian akatabasamu. "Mama, tafadhali keti. Huu ni mchoro wa jumla."

"Jumla ya nani? Hilo kovu ni la karai la mafuta! Nimeulalia mkono huo tangu nikiwa mchanga, leo wewe ndiye wa kunionyesha?"

"Ni mkunjo wa ngozi, mama, hata wewe..."

"Mimi ninao? Haya, nionyeshe!" Akamnyooshea mkono, mchuzi ukamwagika zuliani.

Ndipo Fundi Tsai aliponyanyuka kutoka nyuma, daftari limefungwa kwa kitambaa chekundu. Hakuharakisha. Alilifungua mbele ya mkuu wa chuo, akapindua karatasi ya mkono ule, akasoma ya nyuma yake kwa sauti ileile ya kufundishia:

"Mwalimu Kuo A-mien, mkono wa kushoto. Kovu la kuungua. Msuli umegeuka. Wanafunzi wasifundishwe kwamba hii ndiyo kawaida."

Akawageukia vijana. "Kunjeni mashati. Mwenye mkunjo wa nne asimame."

Vijana sitini waliitazama mikono yao. Hakusimama hata mmoja.

Lian alikuwa mweupe kama mfupa uliochemshwa. "Fundi," alinong'ona, "kwa nini hukuniambia?"

"Mfagizi hasemi, bwana. Anafagia."

Kitabu kiliondolewa madukani. Lian alijiuzulu kabla ya mwaka mpya, na Fundi alikwenda getini makusudi kumtazama akibeba maboksi yake. Alisimama mpaka gari likapotea.

Lakini meza ya mwisho ilifungwa vilevile. Kioo kilibaki. Walichofanya ni kuugeuza ule msuli na kulifuta kovu, kwa hiyo sasa mkono ule haukuwa wa mtu yeyote. Mkuu mpya wa idara alimwita Fundi, akamwambia jina lake litaandikwa pembeni ya kioo.

"Futeni na hilo," alisema Fundi.

Alikuwa na fomu yake ofisini pale, aliyoijaza miaka ishirini nyuma, ya kuwa Mwalimu wa chuo hicho siku atakapokufa. Aliiomba, akaichana vipande vinne mbele yao. Wiki hiyo alipanda treni kwenda chuo kimoja cha kaskazini ambako vijana bado wanainama, akajiandikisha huko.

Aliporudi, Su-hui alimwekea bakuli kibandani, akamwambia, "Kaka, umeshashinda. Samehe basi, moyo upumzike."

Fundi alipuliza tambi.

"Kusamehe ni somo la mwaka wa pili, Dada. Mimi nafundisha wa kwanza. Niongezee pilipili."